NASABA ZA UHEHE: TUZIANDIKE ZOTE, TUSICHAGUE

(Hotuba iliyosomwa Iringa mbele ya wanachama na wazee)



Tumeombwa tuseme habari za koo za Uhehe na namna ya kuziandika. Huenda wengine wakauliza: kazi ya chama ni siasa na maendeleo, nasaba za wazee zatuhusu nini? Twajibu mapema ili tusipoteze wakati. Zinatuhusu kwa sababu kila aliyepata kututawala alianza kwa kuuliza nani ni mtoto wa nani. Mjerumani aliuliza, Mwingereza aliuliza, na wote wawili waliyaandika majibu kwa faida yao. Sisi wenyewe tumeyaacha majina katika vichwa vya wazee, na kila mzee tunayemzika anakwenda na yake.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo lililotutuma kusimama hapa. Ukitokea ugomvi wa shamba kijijini, au watu wakigombea uongozi, haipiti siku nyingi kabla mmoja hajasema: "Huyu si wa hapa. Babu yake alikuja." Maneno hayo ni mepesi kutamka lakini yana sumu. Leo twataka kuonyesha, kwa masimulizi ya wazee wenyewe na kwa mambo yaliyoandikwa, kwamba Uhehe ilijengwa na watu waliokuja. Anayetaka kumfukuza mwenzake kwa hoja ya babu, na atazame kwanza babu wake.

MWINDAJI NA BINTI WA MWAMDUDA

Tuanze na ukoo wa Muyinga, maana huo ndio uliotawala nchi. Wazee wa ukoo huo hawasemi kwamba babu yao aliota Uhehe kama mti. Wanasema alikuwa mwindaji, naye huitwa Mufwimi, neno ambalo kwa Kihehe maana yake ni mwindaji. Alitoka upande wa Usagara, akafika Nguluhe katika nchi ya Mwamduda, akawagawia watu nyama, akapendwa, akakaa. Binti wa mtawala yule, ambaye twamjua kwa jina la Semduda, akachukua mimba yake. Mwindaji akaondoka akiacha neno kwamba mtoto akiwa wa kiume aitwe Muyinga. Kisha akauawa na nyati porini. Mtoto akazaliwa mwanamume, akaitwa Muyinga, akalelewa na watu wa mama yake, na mwishowe akairithi nchi ya babu mzaa mama.

Haya ni masimulizi. Hayana tarehe wala cheti. Lakini tazameni yanakiri nini. Ukoo uliotoa watawala wa Uhehe wakubali wenyewe kwamba baba yao wa kwanza alikuwa mgeni asiye na shamba, na kwamba nchi waliipata kwa mama. Kama wakati ule wazee wa Nguluhe wangalisema, "Huyu mtoto si wa hapa, baba yake alikuja," asingalikuwako Munyigumba wala Mkwawa.

Tukitaka kurudi nyuma zaidi ya hapo, twendeni Isimila, si mbali na mji huu. Katika korongo lile kuna zana za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 200,000. Waliozichonga waliishi katika ardhi hii kabla ya sisi sote, na hakuna ukoo hata mmoja leo unaoweza kuwataja kwa majina. Basi mwenye nchi wa kwanza kabisa hajulikani, nasi wengine tunapishana kwa kuwahi na kuchelewa tu.

MWA NA SE

Wahehe wana njia yao ya kutunza nasaba, nayo ni nzuri kuliko wengi wetu wanavyodhani. Kila mtu ana jina la ukoo la kusalimiwa. Mwanamume hutanguliziwa Mwa, mwanamke hutanguliziwa Se. Kaka akiwa Mwamuyinga, dada yake ni Semuyinga. Mwanamke akiolewa hapotezi jina la kwao. Anabaki nalo katika nyumba ya mumewe mpaka kufa. Pamoja na jina huenda mzilo, yaani kitu ambacho ukoo ule haukili. Watu wawili wasiojuana wakikutana safarini wakasikilizana jina na mzilo, wakaona vimepatana, hujihesabu ndugu.

Tazameni tena jina la Semduda. Jina hilo halituambii binti yule aliitwaje na wenzake kisimani. Latuambia kwao ni wapi. Na kwa sababu limetunzwa, twajua leo kwamba damu ya watawala ni damu ya Mwamduda vile vile. Kwa hiyo, anayeandika nasaba kwa kufuata wanaume peke yao anatupa nusu ya habari. Tena anatupa nusu ile inayounganisha. Majina ya Mwa humshusha mtu katika mstari mmoja kutoka kwa baba hadi mwana. Majina ya Se humvusha kutoka ukoo mmoja hadi mwingine, mpaka akakuta nusu ya tarafa ni wajomba zake.

NCHI ILIYOUNGANISHWA

Katikati ya karne ya 19 Uhehe haikuwa nchi moja. Zilikuwako nchi ndogo ndogo, kila moja na mtawala wake, na wakubwa wake, na ugomvi wake na jirani. Aliyeziunganisha ni Munyigumba, mwana wa Kilonge, wa ukoo wa Muyinga. Aliziunganisha kwa vita na kwa kuoana. Katika nchi alizozitia mkononi aliweka wasaidizi wa kutawala, wale walioitwa wanzagila. Mbinu nyingi za vita watu wake walijifunza kwa Wasangu, ambao walikuwa na nguvu kabla yao. Hata jina la Wahehe, wengi husema, lilitokana na ukelele wa vitani, "Hee! Hee!" Basi jina letu si la babu mmoja tuliyezaliwa naye sote. Ni jina la sauti ya watu waliosimama pamoja.

Munyigumba alikufa karibu mwaka 1879, na kaburi lake liko Rungemba katika Mufindi. Alipokufa nchi ilitaka kuvunjika. Mwambambe, mkwewe aliyekuwa amepewa sehemu ya nchi aitawale, alitaka kiti. Mwana wa Munyigumba, Mkwavinyika, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mkwawa, alikimbilia Ugogo. Akarudi, wakapigana, Mwambambe akashindwa. Mahali pa vita ile paliitwa Ilundamatwe, maana yake palipolundikana vichwa. Tunalitaja jambo hili ili vijana wafahamu kwamba umoja wa nchi hii haukushuka kutoka mbinguni. Ulilipiwa, na waliolipa wengi wao majina yao hayatajwi.

Katika hao wasiotajwa wamo mateka. Kila vita ya wakati ule ilileta watu kutoka nje, hasa wanawake na watoto: Wasangu, Wabena, Wagogo, Wangoni na wengine. Wanawake waliolewa, wakazaa, na watoto wao wakahesabiwa katika koo za baba zao. Wajukuu wa wanawake hao wamejaa katika wilaya zetu zote, na pengine wamejaa katika mkutano huu. Lakini fungueni daftari za koo ambazo watu wameanza kuziandika: mateka hayumo. Ameandikwa babu shujaa, ameandikwa nyanya mwenye ukoo mkubwa, na yule bibi aliyeletwa akiwa msichana ameachwa, ati ni aibu. Aibu ya nani? Yeye hakuiba wala hakuua. Alichukuliwa kwao akiwa mdogo, akatuzalia wazee wetu. Akistahili mtu yeyote kuandikwa, ni huyo.

WAKOLONI NA NASABA

Sasa tuje kwa wakoloni. Habari za vita mnazijua, tutazipitia upesi. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski lilivunjwa, na Zelewski mwenyewe akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akaendelea kupigana karibu miaka 4. Serikali ya Kijerumani ikatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, alijiua kwa bunduki asikamatwe, na askari wa Kijerumani wakakikata kichwa chake.

Jambo ambalo halisemwi sana ni hili, kwamba Wajerumani walipigana kwa nasaba pia. Mwishoni mwa mwaka 1896 walimchukua Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakamtawaza. Walijua watu hawatamtii mtu asiye wa nyumba ya Munyigumba, basi wakatafuta katika nyumba ile ile mtu wa kumpinga nduguye. Haikuwafaa. Walimshuku kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri, na mwaka 1897, baada ya muda mfupi tu, wakamnyonga. Mwaka 1908 Ernst Nigmann, afisa wa jeshi aliyetawala Iringa, alichapisha kwao Ujerumani kitabu kizima juu ya Wahehe, chenye historia yao, sheria zao na desturi zao za vita na uwindaji.

Waingereza nao walifuata njia hiyo kwa upole zaidi. Walitaka kutawala kwa mikono ya watawala wa jadi, na mwaka 1926 walimrudisha katika kiti Sapi, mwana wa Mkwawa. Miaka ya 1930 mtawala mmoja wa wilaya na mtaalamu mmoja wa mila walifanya kazi pamoja hapa Iringa, wakiuliza habari za koo, ndoa, kodi na mashauri, ili utawala ufanywe kwa maarifa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1935. Mwaka 1940 Waingereza walimtoa Sapi, wakamweka mwanawe Adam.

Hatusemi vitabu vile vitupwe. Vimehifadhi mambo mengi ambayo wazee wetu waliyasema na sisi tumeyasahau. Walakini waandishi wake walitaka kujua nani atiiwe. Kwa hiyo waliandika sana habari za wakubwa, na wakulima, wachungaji, wafua chuma na bibi zetu waliwaandika kwa jumla tu, bila majina. Wenzetu wamekwisha kuanza kusahihisha. Michael Musso alitoa kwa Kiswahili kitabu juu ya Mukwava na kabila lake mwaka 1968. Lakini kitabu kimoja hakiwezi kubeba koo zote. Kazi hiyo ni ya kila nyumba.

KICHWA CHA MKWAWA

Liko jambo moja linaloonyesha nguvu ya nasaba kuliko yote. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mkataba wa amani uliotiwa sahihi Versailles mwaka 1919 uliweka kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi 6. Fikirini: mataifa makubwa yamekaa kugawana dunia, na ndani ya karatasi zao limo jina la mtu wa Iringa. Ujerumani ilisema haina fuvu hilo, na miaka ikapita zaidi ya 30.

Gavana Edward Twining akaendelea kulitafuta, na mwaka 1953 akafika katika nyumba ya makumbusho ya Bremen. Huko yalikuwako mafuvu mengi mno yaliyochukuliwa makoloni. Walilitambuaje la Mkwawa? Walilinganisha vipimo vya mafuvu na vipimo vya vichwa vya jamaa zake waliokuwa hai. Kwa maneno mengine, babu alitafutwa kwa kupima wajukuu. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lilikabidhiwa kwa Adam Sapi pale Kalenga, mbele ya umati wa watu, nalo limewekwa huko katika makumbusho mpaka leo. Wataalamu wengine wamekitilia shaka kipimo kile. Watu wa Uhehe walilipokea kuwa ni la mzee wao.

Siku 18 tu baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Mambo haya mawili hayakupangwa na mtu mmoja, nasi hatutaki kuyafanya muujiza. Lakini yatazameni pamoja. Iringa, mjukuu alipokea kichwa cha babu yake kutoka mkononi mwa Gavana. Dar es Salaam, watu wa makabila mbalimbali, wasio na babu mmoja, walikaa wakaanzisha chama, na ahadi yake ya kwanza ikawa kwamba binadamu wote ni ndugu. Chama kilichukua neno la ukoo, neno "ndugu", kikampa kila mwananchi. Ndiyo maana hata leo twaitana hivyo humu ndani.

Na Adam Sapi mwenyewe? Mwaka 1962 alikuwa Spika wa Bunge la Tanganyika, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa. Alikuwa Spika mara mbili, na mara ya pili ilikwisha mwaka 1994. Akafariki mwaka 1999. Munyigumba, Mkwawa, Sapi, Adam: ngazi nne zinazopita katika vita, ukoloni na uhuru. Wa mwisho aliacha kutawala watu kwa haki ya babu yake, akaongoza mkutano wa wawakilishi waliochaguliwa, na hakupungukiwa na heshima yake kwa hilo.

WALIOSIMAMA UPANDE WA PILI

Ndugu, sasa twafika mahali pagumu. Kuandika nasaba kwa ukweli ni kuandika pia yale yasiyotupendeza. Katika vita vya Wajerumani si wote wa nyanda hizi waliosimama na Mkwawa. Merere wa Usangu alikuwa upande wa Wajerumani. Kiwanga wa Ubena wa bonde la Kilombero vile vile. Na mwaka 1905, watu wa kusini walipoinuka katika Maji Maji, Wahehe kwa jumla hawakuinuka nao. Wapo walioandikwa wakapigana upande wa serikali.

Tuyafiche? Tukiyaficha, mtu mwingine atayatoa siku ya ugomvi na kuyatumia kama fimbo. Afadhali tuyaseme wenyewe pamoja na sababu zake. Wasangu walikuwa wamefukuzwa kwao na Wahehe, na kwao Mjerumani aliyekuja na bunduki alikuwa njia ya kurudi nyumbani. Wahehe wa 1905 walikuwa wametoka katika vita ya miaka 7, kiongozi wao amekufa, ndugu yake amenyongwa, vijiji vimechomwa. Yaliyotugawa wakati ule ni kwamba kila nchi ilijihesabu peke yake, na mgeni mmoja mwenye shabaha moja akatupata mmoja mmoja. Wajukuu wa watu wa Merere na wajukuu wa watu wa Mkwawa leo wanakaa benchi moja katika shule na zahanati, nao wameoana. Hilo ndilo jibu la historia, tena linazidi lawama.

KAZI TULIYO NAYO

Basi tufanyeje? Twapendekeza mambo machache ambayo kila tawi laweza kuyaanza bila kungoja fedha.

Kwanza, inunuliwe daftari nene, na vijana wenye mwandiko mzuri wapewe kazi ya kuwaendea wazee, wake kwa waume. Waanze na mtu aliye hai, wapande kwa baba na mama yake, kisha kwa babu na bibi wa pande zote mbili. Kwa kila mtu waandike jina lake, jina la Mwa au Se, mzilo, mahali alipozaliwa na mahali alipozikwa. Akina bibi waulizwe wao wenyewe. Wasisemewe na watoto wao wa kiume.

Pili, miaka itafutwe kwa mambo makubwa. Wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa wazazi wao, lakini wanajua walizaliwa kabla au baada ya jambo gani. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni siku za Lugalo? Hiyo ni 1891. Alizaliwa Waingereza walipoingia Iringa? Hiyo ni 1916. Alikuwa ameolewa tulipopata uhuru? Hiyo ni 1961. Kwa njia hii mtu asiye na cheti hupata mahali pake katika historia.

Tatu, makaburi. Miaka ya 1970 tulipohamia vijijini, kaya nyingi ziliacha makaburi ya wazee katika mahame. Kulikuwa na sababu ya kuhama, na katika vijiji vipya shule na maji vilikuwa karibu zaidi. Lakini wanaoyajua mahame yale kwa majina sasa ni wazee, na miti inayoonyesha makaburi inakatwa mkaa. Waende vijana pamoja na wazee, mahali paandikwe, mto ulio karibu utajwe, na kijiji kijue.

Nne, na hili ndilo kubwa, asiachwe mtu. Aandikwe aliyekuja kutoka Ubena, Ukinga, Usangu au Ugogo, na mwaka aliokuja. Aandikwe mateka na kwao alikotoka, kama yajulikana. Aandikwe aliyepigana na aliyekimbia. Jambo ambalo wazee wawili wanapingana, yaandikwe maneno ya wote wawili. Na daftari hilo lisiletwe katika baraza la ardhi kuwa ushahidi wa kumnyima mtu shamba. Siku litakapotumiwa hivyo, watu watalificha na uongo utarudi.

Ndugu wanachama, wapo watakaotuambia kwamba kufufua habari za koo ni kufufua ukabila. Ukabila haulishwi na nasaba iliyoandikwa yote. Hulishwa na nasaba iliyochujwa, ambayo ndani yake kila babu ni shujaa, kila bibi ni wa hapa hapa, na mgeni ni jirani peke yake. Mwandike mwindaji aliyetoka Usagara, mwandike Semduda, mwandike msichana aliyeletwa na vita, kisha msome kwa sauti mbele ya watu. Atakayesimama baada ya hapo aseme, "Huyu babu yake alikuja," ataulizwa na watoto wake mwenyewe, "Na wetu je?"

Daftari la kwanza lianze wiki hii, kwa mzee aliye mkubwa kuliko wote katika tawi.

Uhuru na Umoja.